Nyumba ya njiwa ya mawe huku Uskoti: ilikuwa ya nani, na kwa nini hawaibomoi?

Mpita Njia

Habari zenu wakuu, natumai wote wazima. Nina swali, na nimelileta humu maana najua hamkosekani wajuzi. Mimi nipo Edinburgh, wikendi nikipata upenyo napanda treni naenda vijiji vya East Lothian kutembea, kutoa stresi za kazi. Kuna kijiji kinaitwa East Linton, stesheni yake ilifungwa miaka mingi wakaja kuifungua tena Desemba 2023, kwahiyo saivi kufika ni rahisi. Pale kuna kinu cha zamani cha kusagia nafaka, Preston Mill, ukivuka mto Tyne kwa daraja la waenda kwa miguu ukatembea kidogo unakuta shambani jengo la mawe limesimama peke yake. La duara, pana chini linaenda likipungua juu, halina dirisha hata moja, mlango ni wa kuinama, na paa lake limelala upande mmoja tu huku upande wa pili ukuta umepanda juu zaidi ukalizunguka paa.

Wenyeji wanaita Phantassie Doocot, ni nyumba ya njiwa ya karne ya 16, ina nafasi ya viota 544, na kuta zake pale chini unene unazidi mita moja. Mita moja jamani, kwa ajili ya njiwa! Kwetu Singida banda la njiwa ni boksi la mbao juu ya nguzo na mabati mawili basi.

Maswali yangu: nani alikuwa na hela ya kujengea ndege nyumba ya mawe wakati watu wenyewe walikuwa wanalala kwenye vibanda vya udongo? Kwa nini haijabomolewa miaka yote hii wakati haina kazi? Na inatunzwaje, maana mvua ya huku mnaijua.

Kitabu Wazi

Mkuu umegusa kitu ninachokipenda, ngoja nikae vizuri.

Kwanza njiwa wenyewe. Njiwa hawa wa kufugwa asili yao ni njiwa wa majabali, wale wanaotaga kwenye mapango na kwenye kingo za miamba kando ya bahari, giza giza, baridi, jiwe tupu. Sasa mtu akimjengea chumba cha mawe chenye giza na ukuta wote umejaa vidaka vidogo vidogo, njiwa anaona yuko kwao. Ndo maana hakuna madirisha. Njia ya kuingilia iko juu, kwenye paa, tundu ambalo njiwa anapita ila kipanga anapata shida. Na ule ukuta unaosema umepanda kulizunguka paa, angalia umekaa upande gani: mteremko wa paa unaangalia kusini kwenye jua, ukuta unaziba upepo wa kaskazini, kwahiyo ndege wanakaa pale juu wanaota jua bila kupigwa na upepo. Aliyejenga alikuwa anajua kazi yake.

Pili, ilikuwa biashara ya chakula. Njiwa anataga mayai mawili, anaatamia siku kama 17 au 18, kinda linalishwa na baba na mama yale maziwa yao ya kwenye koo, likifika wiki nne hivi limenona lakini bado halijaruka, misuli ya mabawa haijafanya kazi kabisa, nyama laini. Hapo ndo mtunzaji anaingia na ngazi. Kwenye nyumba nyingi za duara kulikuwa na nguzo katikati inayozunguka, ina mikono miwili na ngazi imefungwa kwenye mikono hiyo, mtu anapanda mara moja anajisukuma kwa mkono ukutani, ngazi inazunguka naye, anakagua vidaka vyote bila kushuka. Nyingine bado zipo, Dunster kule Somerset ipo, na Kinwarton huko Warwickshire pia ipo.

Na njiwa wakubwa hawalishwi! Asubuhi wanatoka wanaenda kula wanakojua wenyewe, jioni wanarudi na tumbo limejaa. Mwenye nyumba anawatupia punje kidogo wakati wa theluji kali tu. Yaani ni mfugo usiokula kwako.

Uingereza hizi nyumba zilianza kuenea baada ya Wanormandi kuitwaa nchi. Moja maarufu iko Garway, Herefordshire, ina mwaka umechongwa kwenye jiwe, 1326, na vidaka 666, ilikuwa mali ya wale mashujaa wa dini wa Hospitali, yaani watawa wapiganaji wa Kikristo. Kwahiyo swali lako la nani alikuwa na hela, jibu ni makabaila, watawa na wakuu wa makanisa. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa.

Jembe Halimtupi Mkulima

Hapo kwenye "wanaenda kula wanakojua wenyewe" umepita haraka sana mkuu. Wanakula wapi? Si kwenye shamba la mtu? Maana mimi nalima mtama huku Dodoma najua ndege wanafanya nini, kwelea kwelea wakishuka asubuhi mchana huna kitu. Sasa njiwa mia tano wa bwana mkubwa wakishuka kwenye kashamba kako na huruhusiwi kuwagusa, hiyo si kodi nyingine hiyo?

Kitabu Wazi

Ni kodi haswa, na watu wa wakati huo waliliona hivyo hivyo.

Uskoti mwanzoni mwa karne ya 16 bunge la mfalme lilikuwa linawahimiza mabwana wajenge nyumba za njiwa, pamoja na mabwawa ya samaki na bustani. Zikajengwa nyingi mno mpaka ikabidi wageuke. Mwaka 1617 wakapitisha sheria kwamba huwezi kujenga nyumba ya njiwa isipokuwa una ardhi inayokuletea kodi ya nafaka chalda 10 kwa mwaka, na ardhi hiyo iwe ndani ya maili mbili kutoka hapo. Maana yake wale njiwa angalau waharibu sana sana mashamba ya mwenyewe. Chalda ni kipimo chao cha zamani na ni mzigo mkubwa, mtu mdogo hakuwa nao. Kwahiyo sheria ilimpunguzia mkulima mzigo kidogo na wakati huohuo ikafanya nyumba ya njiwa iwe alama ya ukubwa, ukiwa nayo watu wanajua wewe si mwenzao. Na watu waliwacheka: kuna msemo kwamba bwana wa Fife, eneo la huko huko Uskoti, mali zake ni kashamba, deni kubwa, nyumba ya njiwa na kesi mahakamani.

Ufaransa ndo ilikuwa moto. Huko haki ya kuwa na mnara wa njiwa ilikuwa ya kabaila, na minara mingine ni ya fahari kwelikweli, ule wa Manoir d'Ango huko Normandy, mali ya tajiri wa meli Jean Ango, una vidaka kama 1,600 na matofali na mawe yamepangwa kwa nakshi za kila aina. Basi mwaka 1789 wananchi walipoambiwa waandike malalamiko yao kabla ya ule mkutano mkuu wa wawakilishi ulioitishwa na mfalme, njiwa waliandikwa kijiji baada ya kijiji. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 bunge lilipokaa kufuta ukabaila, kwenye zile amri zilizotoka kifungu cha pili kabisa ni cha njiwa: haki ya mabwana peke yao kumiliki minara ya njiwa imefutwa, njiwa wafungiwe ndani majira yatakayopangwa na jamii husika, na wakionekana nje wakati huo ni windo, kila mtu ana ruhusa ya kuwaua kwenye ardhi yake. Kifungu cha pili! Kabla ya mambo ya mahakama, kabla ya zaka za kanisa. Ukitaka kujua njiwa walikuwa wamewachosha watu kiasi gani, tazama hapo.

Jembe Halimtupi Mkulima

😂😂 Safi sana hao Wafaransa. Mimi ningeanza na hicho kifungu.

Ila sasa swali la mtoa mada linazidi kuwa gumu. Kama lilikuwa jengo la uonevu, kwa nini leo watu wanachangishana hela kulitunza? Si lingevunjwa mawe yakajengewe kitu cha maana.

Bi Mkubwa wa Fife

Salaam wanangu. Niko huku Fife siku nyingi, nimeolewa huku, nitajibu hilo la kwa nini hazikubomolewa kwa jinsi wazee wa huku wanavyosema. Kuna imani ya zamani Uskoti kwamba ukiivunja nyumba ya njiwa, mke wako atakufa kabla mwaka haujaisha. Basi. Bwana shamba anataka kuibomoa apate mawe ya zizi, mkewe anamkalia kooni, jengo linabaki. Wanacheka wakisema lakini ukiwauliza kama wao wangevunja wanabadilisha mazungumzo. Ndiyo maana mashambani huku unazikuta zimebaki peke yake, jumba kuu la bwana limeshaanguka zamani ila ya njiwa iko palepale.

Na sababu nyingine si ya mizimu. Kuta ni nene, dirisha hakuna, mlango mmoja, ilikuwa rahisi kuigeuza. Wengine waliweka zana za shamba, wengine viazi, wengine kuku. Jengo likiwa na kazi linatiwa paa, likikosa paa miaka kumi tu kwa hali ya hewa ya huku limekwisha.

Tena mwanangu Mpita Njia, hapo Phantassie ulipokwenda ndipo alipozaliwa John Rennie mwaka 1761, yule injinia wa madaraja, daraja la kwanza la Waterloo kule London ni lake. Nyumba ya njiwa ilikuwa imeshazeeka yeye anatambaa.

Mpita Njia

Shikamoo Bi Mkubwa, asante sana. Hilo la Rennie nilikuwa silijui kabisa, na hilo la mke nimemsomea wife amesema hata banda letu la kule Singida lisiguswe 😂

Jembe, kuhusu swali lako mimi naona uonevu ndo sababu ya kulitunza, maana ukilivunja watabaki na majumba ya mabwana tu yenye bustani na vyombo vya fedha, unatembezwa unaambiwa hawa walikuwa wastaarabu. Nani atakuonyesha kwamba chakula cha mezani kilikuwa kinatoka kwenye shamba la jirani?

Halafu niongeze, nimeingia na ile iliyoko ndani ya bustani ya ngome ya Dirleton, siyo mbali na hapo, nayo ni ya karne ya 16, vidaka vinazidi elfu moja. Ukishainama kupita mlangoni unasimama kwenye duara tupu, macho yanazoea giza taratibu halafu unaanza kuona ukuta mzima ni mashimo ya mraba, safu juu ya safu, yanaanzia chini yanapanda mpaka pale kuta zinapokutana juu, na juu kabisa kuna tundu moja la duara linaingiza mwanga. Kila kidaka ni slabu za mawe zimepangwa kwa mkono. Ukikohoa sauti inapanda inazunguka. Nilikaa pale nikasema aliyepanga haya mashimo elfu moja alipomaliza hakuonja hata mguu wa njiwa.

Sasa wataalamu wa ujenzi mko wapi? Swali la utunzaji halijajibiwa.

Fundi Chokaa (Unguja)

Assalaam aleykum. Hapo ndo pangu. Mimi ni mwashi, nimefanya kazi Mji Mkongwe muda mrefu kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, na miaka ya karibuni nilipata bahati ya kwenda Uingereza kwenye mafunzo ya chokaa, wakatupeleka kwenye majengo ya namna hiyohiyo. Nikwambieni ukweli, jiwe la kule ni la mchanga na letu ni la baharini lakini ugonjwa ni mmoja, unaitwa simenti.

Zile nyumba zote zimejengwa kwa chokaa na mchanga. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji ya mvua kidogo, jua likitoka unayatoa, yanapitia kwenye maungio maana chokaa ina vitundu vidogo vidogo. Sasa karne iliyopita kila mtu alipopata simenti akaona hii ndo dawa, ngumu, inakauka haraka, mafundi wakajazia maungio kwa simenti na wengine wakapiga lipu nje yote. Maji yakishaingia kwa ufa mdogo tu hayatoki tena. Yanatafuta njia kwenye jiwe lenyewe. Huku kwetu yanakuja na chumvi, chumvi inakaukia ndani ya jiwe, jiwe linakuwa unga. Kule kwao inakuja baridi, maji yakiganda yanatanuka, jiwe linabanduka uso mzima. Unaenda unaona simenti imesimama wima imetokeza nje na jiwe limerudi nyuma limeliwa. Hiyo ndo alama, ukiiona usiulize mara mbili.

Kanuni ni moja tu: cha kwenye maungio kiwe laini kuliko jiwe. Kiungo ndo kife, jiwe libaki. Kiungo utajazia tena baada ya miaka, jiwe la mwaka 1500 na kitu utalipata wapi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unatoa simenti ya zamani kwa nyundo na patasi nyembamba, pole pole, SIYO kwa grainda maana ukiteleza unakata jiwe. Unaingia ndani angalau mara mbili ya upana wa kiungo. Unaosha vumbi lote, unalowesha ukuta vizuri, tena kuanzia jana yake kama jiwe linakunywa sana, maana ukipaka chokaa kwenye jiwe kavu linanyonya maji yote na chokaa inabaki unga. Halafu unasukumia mchanganyiko ndani kwa chuma chembamba, unashindilia, unaacha ishikeshike, ikianza kuwa ngumu kiasi kwamba ukibonyeza kwa dole haiingii ndo unaigonga kwa brashi ngumu ili uso ufunguke upumue. Kisha magunia yenye unyevu juu yake siku kadhaa. Watu wengi wanaharibu hapo kwenye magunia, wanaona kazi imeisha wanaondoka. Chokaa haikauki kama tope, inashika kwa kuvuta hewa pole pole, ikikaushwa na jua na upepo siku ya kwanza umeshaipoteza. Na kule kwao baridi ikishuka chini ya nyuzi 5 hufanyi kazi, kwahiyo msimu ni kama Aprili mpaka Septemba hivi. Sisi hatuna baridi lakini tuna jua la Januari, ni shida ileile imegeuka.

Kingine wanapaka nje chokaa nyeupe, siyo urembo tu, inaziba nyufa ndogo na zamani walisema njiwa anaiona kutoka mbali.

Mtoto wa Kibokoni

Fundi hapo kwa simenti umeongea ukweli mtupu. Nyumba ya familia huku Old Town Mombasa, nyanya aliletewa kontrakta akapiga plasta ya simenti ukuta wote wa sebuleni, ilikaa kama misimu miwili ya mvua ikaanza kufura, ukigonga inalia tupu, ikaanguka na kipande cha ukuta. Huyo jamaa simu hashiki. Tulikuja kupata mzee mmoja wa chokaa ndio ikatulia.

Lakini niulize, chokaa bado mnaipata wapi? Huku hiyo ya dukani ya mifuko ni kama poda tu.

Fundi Chokaa (Unguja)

Pole sana kaka. Ya mifuko ya dukani nyingi ni ya kupakia rangi, siyo ya kujengea, na ikikaa dukani na unyevu imeshakufa. Huku bado wapo wanaochoma, wanapanga magogo, juu wanapanga mawe ya matumbawe, wanawasha, yakishaiva yanazimishwa kwa maji yanapasuka yenyewe. Iliyozimwa ukaiweka shimoni chini ya maji miezi ndo tamu, inakuwa kama mtindi mzito. Ila miti ya kuchomea imekuwa ghali na watu wa mazingira hawapendi, nao wana haki yao. Kule Uingereza wanachoma viwandani na wana na ile chokaa inayoshika hata penye unyevu, wanaitumia sana Uskoti kwa sababu ya mvua.

Mwanafunzi wa Azhar

Mimi niko Misri kwa masomo, naomba niwaambie kwamba huku hili jambo halijawa historia. Ukipanda basi kutoka Cairo kwenda vijiji vya Delta unaiona minara ya njiwa juu ya nyumba na mashambani, ya udongo, imechongoka kwenda juu, na ndani vyungu vya mfinyanzi vimelazwa ukutani ndo viota. Na njiwa analiwa, anajazwa mchele au ngano iliyopondwa, anaokwa, hamam mahshi, mtu akikualika kwa harusi ukapewa njiwa mzima ujue umeheshimiwa.

Ila ninachotaka kusema zaidi ni mbolea. Kinyesi cha njiwa ndo mali ambayo watu wengi wanaisahau kwenye hii mada. Kuna minara ya Isfahan huko Iran, ya enzi za Masafavidi, wafalme wa Iran wa wakati huo, karne ya 17, ya matofali, mikubwa mno. Msafiri Mfaransa Jean Chardin alikisia kulikuwa na kama 3,000 kuzunguka mji ule. Na wale hawakuwa wanataka nyama hasa, walikuwa wanataka kinyesi kwa ajili ya mashamba ya matikiti, na kingine kilienda kwa watengeneza ngozi, kinalainisha ngozi. Mnara ulifunguliwa, kinyesi kikazolewa, ukafungwa. Mbolea ya viwandani ilipokuja minara ikakosa kazi ikaanza kuanguka. Na Kapadokia kule Uturuki wametoboa majabali yenyewe, bonde zima, kwa sababu hiyohiyo, mbolea ya mizabibu.

Kitabu Wazi

Asante mwanafunzi, umenikumbusha. England kinyesi kilikuwa na kazi nyingine ya hatari zaidi: baruti. Udongo wa sakafu ya nyumba ya njiwa ukilowa kinyesi miaka na miaka unatoa shura, na shura ndo kiungo kikubwa cha baruti. Kwahiyo mfalme alikuwa na watu wake wenye kibali cha kuingia nyumbani kwako na majembe, wanachimba sakafu ya nyumba ya njiwa, ya zizi, hata ya ndani, hawaombi. Enzi za Charles I watu walikatazwa hata kusakafia kwa mawe ili wachimbaji wasikose udongo. Mabwana walichukia hili jambo kuliko kodi, na mwaka 1656 ikatoka sheria kwamba lazima mwenyewe akubali kwanza. Baadaye shura ikawa inakuja kwa meli kutoka India, habari ya kuchimba sakafu ikaisha.

Mpishi Mstaafu

Mada tamu hii. Ila mimi nimewahi kusoma kwamba hizi nyumba zilikuwa za kuwapatia nyama mbichi wakati wa baridi kali, maana ng'ombe walikuwa wanachinjwa na kutiwa chumvi kabla ya theluji kwa kukosa majani. Mbona Kitabu Wazi hukulitaja?

Kitabu Wazi

Sikulitaja makusudi mzee wangu. Hilo limeandikwa kila mahali na hata vibao vya wageni vinaandika, lakini mfuate njiwa mwenyewe. Kinacholiwa ni kinda, na njiwa katikati ya baridi kali hatagi au anataga kidogo sana, anaanza kama Machi na anaendelea mpaka vuli. Sasa hayo makinda ya Januari yanatoka wapi? Ukila njiwa wakubwa wakati huo unakula mtaji. Ukweli ni kwamba ilikuwa nyama ya anasa, ya meza ya bwana, ya kiangazi na vuli. Hiyo hadithi ya kuokoa watu na njaa inafanya wale mabwana waonekane wema kuliko walivyokuwa.

Mpishi Mstaafu

Nimekubali. Hata jikoni ninakumbuka, njiwa mkubwa umchemshe mpaka jioni bado anakushinda, kinda robo saa tu.

Mpita Njia

Wakuu mmenifungua macho. Nina la mwisho. Kwenye shamba moja nje kidogo ya njia nimeiona nyingine, ile aina ya mraba yenye paa la mteremko mmoja, paa limeshatoboka na mti mdogo umeota juu ya ukuta, na maungio ni simenti ile aliyoisema Fundi, imetokeza na jiwe limeliwa. Mwenye shamba tulisalimiana, akasema anatamani kuitengeneza ila gharama na vibali vinamshinda. Mimi na wenzangu wa kundi la kutembea tunaweza kujitolea nguvu kazi. Tunaanzia wapi?

Fundi Chokaa (Unguja)

Msiguse kitu kwanza! Hilo jengo karibu kwa hakika liko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na huko kulibadilisha bila kibali ni kosa hata kama nia ni njema. Mwenye shamba aulize halmashauri yake na Historic Environment Scotland, shirika la umma la kulinda majengo ya kale, wana watu wa ushauri. Pili, popo. Popo wanalindwa kisheria kote Uingereza, na bundi weupe nao wakiwa wanataga huruhusiwi kuwasumbua, kwahiyo lazima mtu anayejua akague kabla hata ya kuegesha ngazi.

Tatu, ule mti msiung'oe. Mizizi imeshaingia katikati ya ukuta, ukivuta unashuka na mawe. Unakatwa, unaachwa ufe, unatolewa wakati wa kujenga upya ile sehemu. Nne, anzeni na paa kabla ya kitu chochote. Hata turubai lililofungwa vizuri kwa miaka miwili wakati mnatafuta hela ni bora kuliko kujazia maungio huku maji yanaingia juu.

Tano, na hili ni la afya yenu, kinyesi cha zamani kikavu ni sumu kwenye mapafu. Msiingie na mifagio mkafagia kama chumbani. Kinanyunyiziwa maji kwanza, mnavaa barakoa za kweli siyo za kitambaa, kinazolewa kikiwa kimelowa.

Bi Mkubwa wa Fife

Na mwanangu, msimuache mwenye shamba peke yake na makaratasi. Ile ya Willington huko Bedfordshire, ya karne ya 16, yenye vidaka kama 1,500, ilipona kwa sababu mama mmoja wa palepale aliipigania mpaka ikaingia mikononi mwa National Trust, shirika la hisani la kutunza majengo ya kale, mwaka 1914. Hata hiyo Phantassie yenu ilikabidhiwa National Trust for Scotland mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa ya shamba kama hilo. Mtu mmoja mwenye muda wa kuandika barua anatosha kuanza.

Jembe Halimtupi Mkulima

Haya mimi nimekubali zitunzwe, ila nimetoka na wazo langu hapa. Nina njiwa kama thelathini na panya wananimaliza makinda. Hao wazee wa Uskoti walifanyaje na panya?

Kitabu Wazi

Swali zuri, na hilo walilipata kwa machungu. Panya wakubwa wa kahawia waliingia Uingereza kwenye karne ya 18, na utaona nyumba nyingi vidaka vya safu za chini vimezibwa kwa mawe, walisalimu amri wakahamia juu. Angalia pia nje ya zile za duara, kuna mikanda ya mawe imetokeza inazunguka ukuta mzima, panya akipanda anafika pale anakosa pa kushika. Kwako wewe: inua banda juu ya nguzo, kila nguzo ivalishe bati laini lililokunjwa kama faneli limeangalia chini, upana wa shubiri mbili hivi, na usiache tawi lolote la mti karibu. Chakula cha usiku usiache ndani.

Jembe Halimtupi Mkulima

Bati ninalo. Hilo tawi la mwarobaini ndo lina kesi na mama watoto, kivuli chake anakipenda, ngoja nikaongee naye.